Nani analipia matibabu ya mwanafunzi? Kutoka Sewa Haji mpaka kadi ya 50,400

SEHEMU YA 1: Simu ya mama

  Niliahidi kuandika kuhusu matibabu ya watoto wetu waliofika vyuoni. Ni ndefu, nimeigawa sehemu sita. Ukipika soma moja, ukinyonyesha soma nyingine.

Naanza na binti mmoja. Nimebadilisha mambo kadhaa asitambulike.

Alikuja usiku wa Jumapili kwa bajaji, kashikwa huku na huku na wenzake wawili wanaokaa naye geto moja. Yuko mwaka wa pili chuoni. Anatembea kainama, mkono uko upande wa kulia wa tumbo, chini. Nikamuuliza maumivu yameanza lini, akasema Alhamisi. Alhamisi, jamani! Siku zote hizo anameza dawa za maumivu za dukani. Yalianzia kitovuni, yakahamia kulia, akatapika, homa ikapanda. Wengine mmeshajua: kidole tumbo.

Nikamwambia, "Mdogo wangu, mbona hukuja mapema?" Akajibu kwa sauti ndogo, "Sina bima, dada. Hela ya bima nililia chakula."

Wenzake wakampigia mama yake mkoani, wakanipa simu. Mama wa watu akaniambia kwa uhakika kabisa, "Nesi mwanangu, huyo mtoto ana kadi. Nilimlipia mwenyewe." Na kweli alimlipia. Ilikuwa Toto Afya Kadi, ya watoto walio chini ya miaka 18. Binti ana miaka 20. Kadi ilikufa, na hakuna aliyemwambia mama kuna msiba.

Upasuaji ulifanyika usiku uleule, dharura haisubiri risiti. Lakini kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka. Alipona, tunamshukuru Mungu, ila wodini alikaa wiki mbili, mitihani ikampita, mwaka ukaahirishwa. Bili je? Wenzake walichangishana kwenye grupu la WhatsApp, ustawi wa jamii wakapunguza sehemu, na mama akauza magunia ya mahindi aliyokuwa anayawekea bei ipande.

Tangu siku ile najiuliza: hivi mwanafunzi wa chuo, asiye mtoto tena na asiye na mshahara bado, nani anatakiwa kumlipia akiumwa? Nimekuja kugundua swali hili ni la zamani, na sehemu kubwa ya historia yake imepita hapahapa Ilala.

SEHEMU YA 2: Tajiri mmoja, shule na hospitali

Ukisikia mtu wa Dar anasema "mgonjwa wetu yuko Sewahaji", anamaanisha wodi za Muhimbili. Wengi tunalitamka jina hilo kila siku tukidhani ni la jengo tu. Ni la mtu. Sewa Haji Paroo alikuwa mfanyabiashara wa Bagamoyo mwenye asili ya Kihindi, aliyetajirika kwa kuiuzia vifaa misafara iliyokuwa inaingia bara. Alitoa mali yake kwa ajili ya hospitali, na akatoa pia jengo kwa ajili ya shule. Akafariki mwaka 1897.

Yaani mtu mmoja alifikiria vitu viwili kwa pamoja, mtoto asome na mgonjwa atibiwe. Hicho ndicho kilikuwa chanzo cha kwanza cha msaada katika mji huu: sadaka ya tajiri. Hospitali ya Sewa Haji ikahudumia Waafrika na Wahindi. Wazungu walikuwa na yao pale Ocean Road, ufukweni, penye upepo mzuri.

Sasa sikiliza jambo la ajabu kidogo. Wajerumani waliofanya Dar es Salaam makao makuu ya koloni lao mwaka 1891, kwao walikuwa tayari na sheria ya bima ya ugonjwa tangu 1883. Mfanyakazi wa kiwandani anakatwa kidogo kwenye mshahara, mwajiri anaongeza, akiugua anatibiwa bila kuuza ng'ombe. Walijua kabisa namna ya kufanya. Ila sheria ile haikupanda meli kuja huku.

Waingereza nao hivyohivyo. Waliingia Dar mwaka 1916 wakati wa vita. Jina la Kariakoo lenyewe limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wetu waliobeba mizigo ya jeshi lao, wengi wakafa njiani kwa maradhi kuliko kwa risasi. Mwaka 1948 kwao wakaanzisha huduma ya afya ya taifa, NHS: mgonjwa anatibiwa, kodi inalipa. Hapa tukajengewa hospitali mpya, iliyofunguliwa 1956 kwa jina la Princess Margaret. Baada ya Uhuru ndiyo ikawa Muhimbili. Jengo tulipata. Utaratibu wa nani alipe tulibaki kuutafuta wenyewe.

SEHEMU YA 3: Enzi za "serikali italipa"

Unajua chuo kikuu chetu cha kwanza kilianzia wapi? Si Mlimani. Kilianzia Ilala. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, kilifunguliwa katika jengo la TANU kwenye mtaa tunaouita leo Lumumba. Kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi hawafiki hata ishirini. Mlimani walihamia 1964. Na mwaka 1963 shule ya utabibu ikaanza palepale hospitalini, Upanga, ile iliyokuja kuwa MUHAS ya leo.

Taifa jipya lilitangaza maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Mwanafunzi wa chuo alikuwa silaha dhidi ya wote watatu, kwa hiyo taifa lilimtunza. Alisomeshwa, akalishwa, akapewa kitanda, na akiumwa akatibiwa kwa fedha ya umma. Baada ya Azimio la Arusha, Februari 1967, matibabu bure yakawa sera kwa kila mtu. Zahanati na vituo vya afya vikajengwa mpaka vijijini. Mwaka 1977 sheria ikazuia hospitali binafsi za kutafuta faida, afya isiwe biashara.

Bibi zetu wanapozikumbuka enzi hizo wanatabasamu, na wana haki. Lakini tuseme ukweli wote. Waliokuwa vyuo vikuu walikuwa wachache sana, na waliowalipia ni wakulima wa pamba, kahawa na mkonge ambao wengi wao watoto wao hawakufika huko. Halafu ikaja bei ya mafuta, ikaja vita ya Kagera 1978 na 1979, uchumi ukayumba. Miaka ya themanini bure ilikuwepo kwenye sera lakini dawa haikuwepo kwenye kabati. Waliojifungua miaka ile watakuambia walikwenda wodini na vifaa vyao kwenye kapu.

Nakumbusha hili kwa sababu nasikia watu wakisema "zamani ilikuwa bure, basi". Ilikuwa bure kwa sababu kuna mtu alikuwa analipa. Aliposhindwa kulipa, bure nayo ikaisha.

SEHEMU YA 4: Milango miwili ikafunguka kwa pamoja

Hapa naomba utulie, hapa ndipo pengo lilipozaliwa.

Mwaka 1986 nchi ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa kubana matumizi. Miaka ya tisini ikaleta neno moja ambalo lilibadilisha maisha ya kila nyumba: kuchangia.

Mlango wa kwanza ni hospitali. Mwaka 1991 hospitali binafsi zikaruhusiwa tena. Kuanzia 1993 hospitali za serikali zikaanza kutoza, hatua kwa hatua, zikianza kubwa kisha za chini. Serikali ilijua wapo watakaoshindwa, ikaweka msamaha. Mama mjamzito bure. Mtoto chini ya miaka 5 bure. Kifua kikuu, ukoma na baadhi ya magonjwa ya muda mrefu, bure. Asiye na uwezo, apeleke barua na ajieleze.

Mlango wa pili ni chuo. Kuanzia 1992 wazazi wa wanafunzi wa vyuo vikuu nao wakaambiwa wachangie. Awamu ya kwanza ilikuwa nauli na vitu vidogo vidogo vya kujiandikisha. Awamu ya pili chakula na malazi. Awamu ya tatu, iliyokuja kwenda sambamba na Bodi ya Mikopo kuanza kazi mwaka 2005, ikagusa ada, vitabu, mafunzo kwa vitendo, na matibabu.

Umeona kilichotokea? Hospitali ilisema, "Mwanafunzi, changia." Chuo kikasema, "Mwanafunzi, changia." Na kwenye orodha ya makundi ya msamaha, mwanafunzi wa chuo hakutajwa. Waliopanga upande wa afya walidhani chuo kinamtunza. Upande wa elimu wakaona afya ni ya familia yake. Yeye akabaki katikati, kama mtu aliyesimama kwenye barabara ya Msimbazi saa moja jioni, magari yanatoka pande zote.

Mimi mwenyewe nilisoma uuguzi miaka ya kuchangia. Niliugua malaria mara mbili mwaka wa kwanza. Mara ya kwanza nilinunua nusu dozi, kwa sababu hela ilifika nusu. Ndiyo, mwanafunzi wa uuguzi, anayefundishwa asubuhi kwamba dozi haikatwi! Nilijua. Sikuwa nayo. Tangu hapo mgonjwa akiniambia amekatisha dozi simgombezi kwanza, namuuliza alikuwa na shilingi ngapi.

SEHEMU YA 5: Hesabu ya 50,400

Mwaka 1999 Bunge lilipitisha sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, na 2001 ukaanza kazi. Ulianza na watumishi wa umma: asilimia 3 kutoka kwa mtumishi, asilimia 3 kutoka kwa mwajiri, na mwenza wake na watoto wanaingia humo. Kwa hiyo mtoto wa mwalimu aliyefika chuo alikuwa na pa kushika mpaka umri wa kuwa tegemezi uishe. Mtoto wa mama muuza nyanya Soko la Ilala, hapana.

Baadaye Mfuko ukafungua mlango kwa wanafunzi wenyewe kupitia vyuo vyao, na kwa miaka mingi mchango umekuwa Sh 50,400 kwa mwaka. Tufanye hesabu ya nyumbani. Mwanafunzi mwenye mkopo kamili, hela ya kula na kulala, ile wanayoiita bumu, ilipandishwa kutoka Sh 8,500 kwa siku mpaka Sh 10,000 mwaka wa masomo 2022/23. Kwa hiyo bima ya mwaka mzima ni sawa na siku tano za bumu. Ukiitazama hivyo ni rahisi mno. Kulazwa mara moja tu kunaweza kula zaidi ya hapo.

Sasa itazame kwa macho ya binti wa Sehemu ya 1. Bumu limechelewa. Kodi ya geto inadaiwa. Ana miaka 20 na hajawahi kulazwa. Siku tano bila kula anazijua zinavyouma. Ugonjwa haujui. Kwake kuacha bima si uzembe, ni hesabu. Ni hesabu mbaya, lakini ni hesabu.

Na kwa watoto wadogo? Mwaka 2016 ikaja Toto Afya Kadi, Sh 50,400 hiyohiyo, kwa mtoto aliye chini ya miaka 18. Mama nyingi mnaikumbuka. Machi 2023 NHIF ikasitisha kuandikisha mtoto mmojammoja, ikasema waingie kupitia shule au familia. Watu walikasirika sana, mimi pia nilikasirika, kuna watoto wa sikoseli nawajua kwa majina walikuwa wanaishi kwa kadi ile. Lakini sababu iliyotolewa tuielewe, maana inatuhusu: wazazi wengi walikuwa wanakata kadi mtoto akishaugua. Fedha iliyoingia ikawa ndogo kuliko iliyotoka.

Ndugu zangu, bima ni kama chama chetu cha kufa na kuzikana. Tunachanga tukiwa wazima. Hebu fikiria kila mtu ajiunge asubuhi ya msiba, jioni achukue rambirambi. Chama kitafika Idi? Hakifiki. Ila na chama nacho kina wajibu: kikibadilisha masharti kisimwache mwenye msiba mlangoni. Baadaye Mfuko uliirudisha Toto Afya Kadi kwa utaratibu mpya, na ni jambo jema. Ila waliougua katikati hapo, walilipa wenyewe.

SEHEMU YA 6: Majirani wamefanyaje, na wewe ufanye nini

Tusidhani pengo hili ni letu peke yetu.

Kenya mwaka 2018 walianzisha EduAfya. Serikali yao ililipia bima ya wanafunzi wa sekondari za umma, mzazi hakutoa hata senti. Mwisho wa 2023 mkataba ukaisha na mpango ukasimama. Msaada unaotegemea mkataba mmoja huisha siku mkataba unapoisha, hata kama mtoto bado yuko kidato cha tatu.

Ujerumani, ile ile ya sheria ya 1883, walichukua miaka 92 kukumbuka mwanafunzi. Mwaka 1975 ndipo wanafunzi wa vyuo wakaingizwa kwenye bima kwa sheria, na kwa mchango nafuu. Kule haiwi tena hiari ya mwenye njaa.

Uingereza kumuona daktari ni bure, ila vitu kama miwani na meno, na kwa England hata dawa, vina malipo. Mwanafunzi mwenye kipato kidogo anajaza fomu iitwayo HC1, anaeleza anachopata na anachotumia, akikubaliwa anapewa cheti cha HC2. Akifika dirishani anaonyesha cheti, basi. Hicho ndicho nakipenda. Anajieleza mara moja, kwa maandishi, akiwa mzima. Wa kwetu anajieleza akiwa na homa ya 39, mbele ya foleni, watu wanasikiliza.

Na sisi je? Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Sheria hiyo inaweka mfuko wa kuwalipia wasio na uwezo. Hatua kubwa, na naiombea. Lakini miaka zaidi ya mia moja niliyokusimulia inanifundisha kitu kimoja: mwanafunzi husahaulika kwa sababu kila upande unadhani yuko upande wa pili. Kwa hiyo sheria inapotekelezwa, sisi wazazi ndio tuulize kwa sauti, kwenye mikutano ya mtaa na ya shule: mtoto wa kaya maskini akitoka nyumbani kwenda kusoma mkoa mwingine, atahesabiwa wapi?

Wakati tunauliza, fanya haya wiki hii. Ni machache.

1. Chukua kadi za watoto wako wote. Angalia tarehe ya mwisho na umri. Anayekaribia miaka 18, ulizia sasa anahamia wapi. Usisubiri kadi ikatae dirishani.

2. Mtoto akipata chuo, bima iwe kwenye orodha ya kwanza pamoja na godoro na ndoo. Ulizia chuoni mchango wa mwaka huu ni kiasi gani na unalipiwa kwa namba gani ya malipo. Kama unaweza, ilipie wewe moja kwa moja. Ukimtumia taslimu, njaa itaitangulia.

3. Kila mwaka ulizia tena. Bima ya mwanafunzi inaisha, haijirudii yenyewe.

4. Ukishindwa kabisa, msamaha upo. Mtoto aende na kitambulisho cha chuo na barua ya serikali ya mtaa anakoishi, aulizie ofisi ya ustawi wa jamii hapo hospitalini. Barua aitafute akiwa mzima. Mwambie si kuomba omba, ni utaratibu uliowekwa tangu kuchangia kulipoanza.

5. Mkumbushe vilivyo bure hata bila kadi: dawa za kifua kikuu, dawa za kufubaza VVU, uzazi wa mpango, kliniki ya wajawazito. Na wewe mwenye binti wa miaka 9 mpaka 14, chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi ni bure, usiipitishe.

6. La mwisho, na la muhimu kuliko yote. Mwambie mwanao kwa maneno haya haya: "Ukiumwa, nenda hospitali kwanza, hela tutaongea baadaye. Sitakugombeza." Binti wa Sehemu ya 1 aliniambia baadaye kwamba kilichomchelewesha si bili peke yake. Aliogopa kumpigia mama yake na kusema hela ya bima aliilia chakula.

Mama yake alipofika kutoka mkoani, na kapu lake na khanga mbili, nilikuwepo zamu. Nilidhani atamgombeza. Alikaa pembeni ya kitanda, akamshika mguu, akasema, "Ungeniambia una njaa, mwanangu." Wakalia wote wawili. Nikatoka kidogo, nikajifanya naenda kuchukua dripu.

Binti amerudi darasani. Safari hii kadi kaikata mapema, kanitumia picha yake kwa WhatsApp na kuandika, "Dada, imelipiwa."

Haya, nenda kaangalie kadi. Usiku mwema.